Sauti Zote Ziwe Sawasawa

"Zote ziwe sawasawa," alisema mwenye ukumbi wa harusi, akiweka flashi juu ya kaunta. "Juzi wimbo mmoja unanong'ona, unaofuata unapasua masikio. Bibi harusi mwenyewe kajiziba! Saa nne napita."

Fundi wa nyimbo alicheka. Kazi hiyo aliiweza hata macho yakiwa yamefumbwa. Alizimimina nyimbo kwenye folda ya kazi, akachagua zote, akaiambia programu kiwango, akabonyeza mara moja. Nyimbo mia nane zikaanza kupandishwa sauti kwa pamoja, na yeye akaenda zake kunywa chai.

Aliporudi, orodha ilikuwa imefika mwisho. Huko mwisho aliona jina ambalo halikuwa la mwenye ukumbi: Wimbo wa kumlaza mtoto.

Jana yake, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa ameuhamishia wimbo huo kwenye folda ya kazi ili asihangaike kuutafuta leo. Ulikuwa wa marehemu dada yake. Alijirekodi chumbani kwake akiuimba chini kwa chini, mtoto kifuani, na haikupita miezi miwili akafariki. Mtoto yule alilelewa mbali, kwa shangazi zake. Sasa ni binti mzima, na asubuhi hii alikuwa anakuja kumsikia mama yake kwa mara ya kwanza.

Kila siku fundi aliwahubiria wateja: wekeni nakala, wekeni nakala. Yeye hakuwa nayo. Kinyozi hajinyoi.

Aliufungua. Programu ilikuwa imeuvuta wimbo ule mpaka kwenye kimo cha ngoma na magitaa, kisha ikahifadhi juu ya ule wa zamani. Feni ya chumba kile cha dada yake ilinguruma kama mashine ya kusaga. Sauti yake ilikwaruza, na kila ilipopanda, ilipasuka. Fundi akaishusha. Ikabaki mikwaruzo ileile, ila ya chini. Maji yalikwisha mwagika.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa."

Binti alivua hereni zote mbili ili hedifoni zimkae vizuri. Alisikiliza hadi mwisho, macho yamefumbwa, kisha akaomba urudiwe. Mara ya pili hakufika katikati.

"Mjomba, mbona wote husema mama alikuwa na sauti tamu?"

Fundi alijichukia. Neno lilikuwa mdomoni: ni mimi, nimeiharibu leo hii, nikinywa chai.

"Alikuwa nayo," alisema. "Mashine za zamani zile, mwanangu."

"Usijali." Binti alicheka kidogo. "Marehemu hasemwi vibaya, najua. Mimi ndiye niliyejitilia makubwa kichwani."

Aliziweka hedifoni kaunta taratibu, akaaga. Mlangoni alipishana na mwenye ukumbi.

"Vipi, fundi, zimekaa sawa?"

"Zimekaa."

Mwenye ukumbi alijaribu wimbo mmoja, akaruka hadi wa mia tatu, akapiga kofi kwa furaha. "Sasa hapa hakuna hata mmoja unaonong'ona!"

Fundi alikuwa akimtazama binti wa dada yake akivuka barabara, hereni moja sikioni, nyingine bado mkononi. Kwenye kaunta, wimbo wa kumlaza mtoto ulikuwa umejirudia wenyewe ndani ya hedifoni. Zamani ilibidi uzuie pumzi ili uusikie. Sasa ulisikika mpaka mlangoni.