Mgeni wa Guracha

Kila asubuhi saa mbili Guracha alisimama karibu na lifti, sweta ya ulinzi mwilini, akiwasalimu wapangaji wa jumba la ghorofa tisa jijini Nairobi. Aliwasalimu kwa desturi ya Waorma, wafugaji wa Mto Tana, kama kwao Minjila: watu hawajambo, ng'ombe je, malisho yapo, mto umefika wapi. Wapangaji walisema "poa" na lifti ikajifunga. Guracha aliamini kwamba majibu yaliyosalia wangeyaleta jioni. Miaka mitatu sasa alikuwa akiyangoja, na upweke ulikuwa umemkondesha.

Jumanne moja akaingia getini ng'ombe wake mwekundu, yule wa mwisho kufa kwenye ukame, kwato zimejaa tope la Garsen. Guracha akamwandika kwenye daftari la wageni.

"Watu hawajambo?"

"Wazima," akajibu ng'ombe, na ya malisho akajibu, na ya mto pia, mpaka yakaisha. Guracha alilia kidogo, akajifuta kwa mkono wa sweta.

Ikawa zamu ya ng'ombe. "Na watu wa hapa?"

Guracha akaanza kuwataja kutoka ghorofa ya chini, mlango kwa mlango, mpaka namba kumi na nne akakwama. Humo alikaa Alice, fundi cherehani, mpangaji pekee aliyewahi kujibu hadi kwenye malisho. Hakukumbuka alimwona lini.

"Twende tukamwangalie," akasema ng'ombe.

Wakapanda ngazi, maana lifti ilikuwa ndogo. Guracha akapiga hodi mara tatu, akavunja kitasa. Alice alikuwa kitandani, amekufa siku kumi na tisa zilizopita. Jirani wa namba kumi na tano akachungulia, akasema harufu aliisikia, ila alidhani ni takataka. Kisha akauliza marehemu alikuwa akiitwa nani.

Jioni kundi la wapangaji la WhatsApp likajaa malalamiko kuhusu kinyesi kwenye ngazi. Meneja akasoma mkataba, akakuta umekataza mbwa na paka tu. Ng'ombe akabaki.

Mwisho wa mwezi akaja mpangaji mpya wa namba kumi na nne, binti mwenye godoro na vidude vya muziki masikioni.

"Watu wa kwenu hawajambo?" akauliza Guracha.

"Poa."

Lifti ikajifunga.

"Anaitwa nani?" akauliza ng'ombe.

"Hatukufika huko," akasema Guracha, na wote wawili wakakaa kumngoja ashuke.