Ng'ombe wa Wageni

1.

"Nilimwambia, mwanangu, kichwa cha ndama sikioni, naona mguu tu. Akasema, Mama, mimi ndiye daktari. Akafunga kamba, akavuta. Akaita na majirani, wakavuta kama wanang'oa kisiki. Ng'ombe wangu akalia mara moja, basi. Sasa niambie, mwalimu. Yule kijana mlimfundisha nini?"

Ni Mama Mbelwa huyo, mfugaji, amesimama mlangoni kwa mwalimu Nakijwa Mshana, Chuo cha Mifugo Bondeni. Alipewa kiti. Hakukaa.

2.

Kijana yule hakusoma Bondeni. Alisoma Kilimani, chuo cha juu ya mlima. Nakijwa angeweza kusema hivyo na kunawa mikono. Neno lilimfika ulimini, akalimeza, maana ng'ombe anayekufa haulizi daktari katoka chuo gani.

Na wanafunzi wake mwenyewe, je?

Walijifunza kuzalisha kwenye pipa la mafuta lililotobolewa ubavuni, ndani yake ndama wa magunia. Pipa halibani mkono. Ng'ombe mwenye uchungu hubana mpaka vidole vinakufa ganzi.

Kijana yule alishahamishwa kutoka kata ya akina Mama Mbelwa. Wa kushika nafasi yake alikuwa Sikudhani, mwanafunzi wa Nakijwa mwenyewe. Anaripoti Jumatatu.

Peke yake.

3.

TAARIFA KWA UMMA

Kwa lengo la kuinua ubora wa ufundishaji, Chuo cha Kilimani na Chuo cha Bondeni vimekubaliana kutumia kwa pamoja ng'ombe wa mpira wa kufundishia uzalishaji, msaada wa wafadhili, mwenye ndama tumboni anayeweza kuwekwa mkao wowote. Ng'ombe huyo atakaa Kilimani muhula mmoja na Bondeni muhula mmoja. Makubaliano haya yanaanza kutekelezwa mara moja.

Mara moja!

Mihula imepokezana. Ng'ombe hajashuka mlima.

4.

"Dakta Mbonea, nimemfuata ng'ombe wetu."

"Dada Nakijwa! Kwanza chai."

"Sikupanda mlima kunywa chai."

Mkuu wa Chuo cha Kilimani akacheka, akamshika mkono, akampeleka stoo. Ng'ombe alikuwepo, kajaa tele, mweusi na mabaka meupe. Mgongoni alitandikwa kitambaa cheupe cha kufuma kwa mkono, chenye pindo la maua, kama vile vya kwenye makochi.

"Mke wangu ndiye aliyefuma," akasema Mbonea. "Vumbi, unajua."

"Wanafunzi wako wanafanya naye mazoezi lini?"

"Dada, yule ni wa mpira. Wanafunzi unawajua. Kucha! Watamchana kabla wageni wa tathmini hawajamwona."

"Kwa hiyo hawamgusi."

"Wanamwona."

"Wanamwona wapi?"

"Dirishani."

Nakijwa alikitazama kile kitambaa. Msomaji, usicheke. Kabati la vyombo unalo. Vikombe vya maua vimo humo tangu harusi yako, nawe asubuhi unakunywa chai kwenye kikombe cha bati kilichobanduka rangi. Hayo ni yako, vikombe havizai. Lakini mtu akifungia kabatini mkono wa daktari, akangojea wageni, huku chini bondeni

5.

(Kipande hiki kimetunzwa kwa ajili ya wageni.)

6.

Yaliyosikika ukumbini Kilimani, nyuma ya mgongo wa Nakijwa akitoka:

— Wewe umeshamgusa?

— Mkia tu. Siku ya usafi.

— Una bahati!

— Na mtihani wa kuzalisha?

— Tunachora.

7.

MWALIKO

Wageni wa tathmini ya ushirikiano watafika Kilimani siku ya Alhamisi. Walimu wa Bondeni wahudhurie wakiwa nadhifu. Wanafunzi wao waje wachache, wakae nyuma, na wapige makofi panapohusika.

8.

Nakijwa aliusoma mwaliko mbele ya darasa. Akaukunja. Akaukunja tena, mpaka ukawa mdogo kama jino.

"Kateni kucha," akasema.

"Mwalimu?" Sikudhani akauliza.

"Kucha! Wote. Kateni mpaka mwanzo wa nyama. Wasije wakapata la kusema."

5.

(Wageni wamefika. Sasa waweza kukisoma.)

"Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Mbonea alifungua hotuba, na makofi yakapigwa. Ng'ombe aliwekwa mbele, kitambaa kimefuliwa. "Vijana wa vyuo vyote viwili wamejifunza kwa mikono yao wenyewe kupitia—"

Nakijwa alikuwa ameshasimama. Alitembea hadi mbele, Sikudhani nyuma yake, akakivuta kile kitambaa na kumkabidhi Mbonea kama mtu anayerudisha chenji.

"Ingiza mkono."

Sikudhani akaingiza. Kiwiko. Bega.

"Umekuta nini?"

"Mwalimu..."

"Sema kwa sauti. Wageni wamekuja kusikia."

"Ndama bado yuko kwenye nailoni ya kiwandani."

"Dada Nakijwa," Mbonea akanong'ona, "itifaki..."

"Itifaki ilimvuta ng'ombe wa Mama Mbelwa kwa kamba, Dakta. Sikudhani! Chana nailoni. Kichwa kiko wapi?"

"Kimekunjwa nyuma, kimelala ubavuni. Mguu mmoja ndio uko mbele."

Hivyo ndivyo kiwanda kilivyompakia. Na hivyo ndivyo ndama wa Mama Mbelwa alivyolala.

"Utavuta?"

"Hapana."

"Utafanya nini?"

"Nisukume kwanza. Nimrudishe ndani, nikitafute kichwa."

"Sukuma basi!"

Ndipo kijana mmoja wa Kilimani akainuka katikati ya ukumbi, anakunja shati. "Mwalimu, na sisi?"

"Kucha zako zikoje?"

Akazitazama. Akaona haya. Kutoka safu za nyuma kikata kucha kikaanza kupita, kutoka Bondeni kwenda Kilimani, mkono kwa mkono. Makofi hayakusikika tena.

Ka.

Ka.

Ka.

Mbonea alisimama na kitambaa chake mikononi. Hakujua akiweke wapi.

9.

TANGAZO

Kufuatia utovu wa nidhamu uliojitokeza Alhamisi, ng'ombe wa mpira atafungiwa stoo hadi

10.

Jumatatu. Zizini kwa Mama Mbelwa mtamba wake wa pekee aliyebaki amelala, mguu wa ndama umetokeza. Mama ameshika kamba ileile.

"Wewe umeshazalisha?"

"Wa mpira, Mama. Mara moja."

"Wa mpira!" Mama Mbelwa akatema mate pembeni. "Haya, daktari. Kamba hii hapa. Vuta."

"Sivuti, Mama. Nasukuma kwanza."

Mama Mbelwa akamtazama. Akaitazama mikono yake, kucha zilizokatwa mpaka mwanzo wa nyama. Polepole akaiweka kamba chini.

Sikudhani akapiga goti. Mkono ukaingia, ukabanwa kama pipa lolote lisivyoweza kubana, vidole vikafa ganzi, akangoja uchungu upoe, akasukuma, kidole kikagusa pua ya ndama, na