Maua Yaliyotolewa Kabla ya Sofia

Jumapili ile nilitembea kando ya mto Danubi polepole, mikono nyuma, kofia kichwani, kama mtu aliyeshiba. Aliyeniona angesema mzee Severin anapunga upepo. Kumbe nilikuwa nachungulia madirisha ya watu, nikitafuta ua la marehemu mke wangu.

Mtaa wetu wa wavuvi ni mdogo. Nyumba zimeegemeana, kuta zina alama za mafuriko hadi juu ya milango, na kila dirisha lina maua ya jeraniamu. Ya Notburga wangu yalikuwa mekundu mazito, karibu na weusi. Aliyarithi kwa mama yake. Majira ya baridi aliyalaza stoo, na Mei aliyatoa dirishani, lakini si kabla ya Sofia. Huku kwetu mtoto yeyote anajua kwamba kabla siku ya Mtakatifu Sofia haijapita, baridi inaweza kurudi usiku mmoja ikaua kila kitu. Hata alipokuwa hawezi tena kuinua kikombe, Notburga aliniambia, "Severin, usiyatoe kabla ya Sofia."

Nikamjibu kwamba mimi si mtoto. Alipofariki nikayatoa mapema, karibu wiki nzima kabla ya siku hiyo.

Lawama ya kwanza nawapa wakubwa. Walijenga njia mpya ya mawe kando ya mto ili wageni wapige picha, wakafanya haraka kuifungua, wakatutangazia tupambe madirisha. Kwa ajili ya mawe hayo hayo walikuwa wamefunga daraja letu, gari la wagonjwa likawa linazunguka kupitia kiwanda cha bia kumfuata mke wangu. Hao ndio wanaotaka maua.

Lakini hawakunishika mkono. Nilitaka meya apite chini ya dirisha langu na kulisifu, mtaa uone kwamba mgane huyu hajashindwa. Na alilisifu kweli. Akanipa mkono, nikamwambia asante, tena mara mbili. Usiku uliofuata baridi ikarudi, jalidi ikaanguka. Asubuhi maua ya Notburga yalikuwa meusi, yamelegea kama mboga iliyochemshwa.

Sasa binti yetu Afra alikuwa njiani, anakuja kwa treni ya alasiri. Kila mwaka mama yake alipanda ua moja kwenye kaburi la bibi. Safari hii Afra alisema tutampandia mama. Sikuwa nimemwambia kitu.

Rangi ile ilibaki kwenye dirisha moja tu, la jirani Zenzi, ambaye Notburga alimpa kitawi zamani. Na Zenzi ndiye aliyenionya siku ile nikipanga vyungu. "Severin, Sofia hajapita." Nami nikamjibu mbele ya watu, "Na wivu wako haujapita."

Nikapita chini ya dirisha lake nikitazama maji. Nikarudi nikitazama bata. Nilipogeuka tena, likafunguka.

"Wewe mzee, njia ni ya serikali lakini soli ni zako. Utazimaliza."

"Natembea tu, jirani."

"Tangu lini? Burgi, mkeo, alikuwa anakuvuta kama ng'ombe wa mnadani, na hutoki."

Hilo lilinichoma, kwa kuwa ni kweli. Kila Jumapili aliniomba twende mpaka kwenye mierebi na kurudi, basi. Nikawa namwambia nimefanya kazi kwenye majahazi ya mchanga maisha yangu yote, mto nimeuona wa kutosha. Alikwenda peke yake.

"Zenzi, nigawie chungu kimoja. Afra anakuja."

"Yako yako wapi?" Alijua. Mtaa mzima ulijua.

"Meya ameyaua."

"Meya alipanda ngazi zako akayatoa stoo?"

Nikatazama viatu vyangu. "Nimeyaua mimi."

Akaguna. "Kitawi nitakupa. Chungu kizima cha kumdanganyia yatima, hapana."

Akakivunja chini ya kifundo, akakifunga kwenye gazeti lililoloweshwa maji, akaninyooshea. Nikafungua mdomo.

"Funga," akasema. "Unataka kife?"

Ndivyo ilivyo kwetu: kitawi cha ua hakishukuriwi. Ukishukuru, hakitoi mizizi. Meya nilimshukuru mara mbili. Huyu niliyemtukana hadharani, neno la asante ikabidi nilimeze.

Afra alinikuta palepale kwenye ile njia mpya, mkoba begani.

"Baba, na wewe unatembea?"

"Natembea, mwanangu."

Akainua macho kwenye dirisha letu. "Maua ya mama?"

Nikamwekea gazeti mkononi. "Niliyatoa kabla ya Sofia. Yote yamekufa. Hiki ni cha kwa Zenzi."

Akafunua, akakiangalia kitawi kile kidogo muda mrefu. "Mama alikwambia."

"Aliniambia."

Nilingoja anigombeze, ingenipa nafuu. Hakunigombeza. Alikifunga tena vizuri, upepo usikiguse, akakitia ndani ya koti.

"Kaburini hakiwezi kwenda leo," akasema.

"Hakiwezi. Mpaka kitoe mizizi."

"Basi twende kwenye mierebi kwanza. Tukirudi tutakipanda."

Tukapita chini ya dirisha la Zenzi. Alikuwa ameegemea mto wa kulalia aliouweka dirishani, akitutazama. Nikavua kofia, nikaishika kifuani mpaka tukampita, mdomo nimeufunga.