Kitambaa cha Ndani ya Mshono

Fundi mwenye akili hakati kitambaa cha mteja aliyekonda. Anakikunja ndani ya mshono, kwa sababu mwili uliokonda huweza kunenepa tena. Mimi hilo nalijua tangu sijaolewa, kwa hiyo sina pa kujifichia.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alipoanza kutibiwa saratani ya tumbo, hospitali ilituwekea programu kwenye simu yangu, kwa kuwa simu yake yeye ilikuwa ya vitufe. Kila asubuhi inauliza maswali matano: maumivu, usingizi, kula, kutapika, uzito. Ukibonyeza kijani, mambo shwari. Ukibonyeza nyekundu, nesi anapiga simu siku hiyohiyo na mnaitwa.

"Wifi, umeamkaje?" niliuliza wiki ya kwanza, mguu ukiwa kwenye cherehani.

"Chakula hakipiti. Na uandike hivyohivyo, nakujua kwa njia za mkato."

Nikabonyeza nyekundu. Tulishinda hospitalini kutwa nzima, akapewa dawa ya kichefuchefu, na jioni alikula akamaliza. Kwa hiyo nilijua kitu kile kinafanya kazi.

Kisha shule zikakaribia kufunguliwa, nami nina sare sitini mezani. Chakula kikagoma tena. Nikabonyeza kijani. Leo tu, nilijiambia. Uongo wa kwanza ulinitoa jasho. Wa pili haukunisumbua hata kidogo. Nilibonyeza kijani siku kumi na mbili.

Ndani ya siku hizo aliniletea gauni lake la bluu mara tatu.

"Nipunguzie. Kuumwa naumwa, lakini sivai gunia."

Mara ya kwanza nilikunja vidole viwili kila upande. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu nilimzungushia futi kiunoni, nikaona namba, nikashika mkasi nikakata. Ningependa kusema sikufikiri. Nilifikiri. Vipande nilivitia kwenye mfuko wa matambaa, nikachukua simu, penye uzito nikabonyeza kijani.

Siku ya kumi na tatu alianguka bafuni.

Hospitalini nesi aliiangalia simu, akamwangalia mgonjwa. "Mama, huku kote inaonyesha hujambo. Kwa nini ulitunyamazia? Dawa tungebadilisha mapema."

Wifi alinitupia jicho mara moja tu. "Nilikuwa najikaza, mwanangu. Nisamehe."

Nami nikanyamaza. Nilishukuru, Mungu anajua, na aibu ile naibeba mpaka leo.

Walibadilisha dawa. Baada ya miezi minne wifi alikuwa anakula na kunichokoza kama zamani. Asubuhi moja akaingia na gauni la bluu mkononi.

"Haya, fungua mishono. Mwenye mwili wake amerudi."

"Liache, nitakufanyia kesho."

"Kesho ya nini? Kazi ya dakika kumi hiyo."

Akaligeuza ndani nje mwenyewe. Amevaa nguo ninazomshonea miaka kumi na minane, anajua ninapoweka akiba. Akapitisha kidole kwenye mshono wa kulia, kisha wa kushoto, kisha akarudi wa kulia.

"Kitambaa kiko wapi?"

Ningeweza kusingizia panya. "Nilikikata."

"Lini?"

"Mara ya tatu."

Alilikunja gauni polepole, mkono juu ya mkono, mpaka likawa dogo.

"Ya simu nilikusamehe palepale hospitalini," alisema. "Nilisema, maskini, ana kazi nyingi. Kumbe wewe ulikuwa umeshanizika."

Nililia. Hakunibembeleza, wala hakuondoka. Alivuta kiti, akaichukua simu yangu mezani, akaniwekea mkononi.

"Leo hujaniuliza."

Nikafungua programu. "Umeamkaje, wifi?"

"Bonyeza nyekundu."

"Lakini leo huumwi..."

"Bonyeza. Nesi akipiga, utamweleza wewe kijani zile zilikuwa za nani."

Nikabonyeza. Tukakaa wote wawili, gauni magotini mwake, tukisubiri simu iite.