Makoti Kumi na Manne ya Eridadi

Mackline, mke wa mwanangu Yosamu, alifika kwangu Bwera Alhamisi asubuhi kwa bodaboda kutoka Kasese, amebeba henga za kutundikia nguo dazeni tatu, mifuko myeusi ya takataka, na uso wa mtu aliyetumwa na serikali. Alisema amekuja kunisaidia kupanga kabati la makoti. Sikuwa nimeomba msaada, lakini msaada wa watoto wetu haubishi hodi, unaingia tu na viatu vyake.

Sababu yenyewe niliijua. Jumamosi tulikuwa tunamaliza matanga ya mume wangu Eridadi, mwaka mzima tangu tumzike. Katika ukoo wake, siku hiyo mzee wa ukoo huomba koti la marehemu akamvika mwana mbele ya watu. Aliyevikwa ndiye mwenye nyumba. Yosamu ni mwana wangu wa pekee, kwa hiyo hapakuwa na mashindano. Alikuwa ameshaamua kila kitu: sebule iwe duka la simu, kwa kuwa mpaka uko karibu, vyumba vya nyuma vipangishwe kwa wachuuzi, nami nihamie Kasese, kwenye chumba kilicho nyuma ya jiko lao, nikapumzike. Chumba hicho nilikwisha kukiona. Kina dirisha moja, na dirisha linatazama tangi la maji.

Mimi nilitaka kubaki kwangu. Nilimwambia Yosamu mara tatu, na mara tatu alinijibu, "Mama, tutaongea," akabadilisha mazungumzo.

Sasa kabati. Eridadi, Mungu amrehemu, hakunywa pombe, hakufuata wanawake, au kama alifuata alirudi mapema. Ugonjwa wake ulikuwa makoti ya mitumba. Kila siku ya soko alishuka mpakani, Mpondwe, akarudi na koti mgongoni kama mtu aliyebeba mgonjwa. Lilikuwepo la manyoya shingoni. Lilikuwepo la dereva wa basi wa nchi ambayo hakuna aliyejua iko wapi, na namba yake bado iko kifuani. Lilikuwepo jekundu la mwanamke, ambalo alinunua akidhani ni la askofu, na alipoambiwa ukweli alilitundika nyuma kabisa, hakulitaja tena. Makoti kumi na matatu, yote ya kungoja siku ya maana. La kumi na nne lilikuwa la kahawia, limechakaa viwiko, na hilo ndilo alilovaa miaka ishirini, shambani, kanisani, hospitalini. Tulipotoka kuzika nililivaa mimi, kwa sababu kulikuwa na mvua, na sikulivua. Asubuhi za Bwera zina baridi, na mjane hana wa kumwegemea.

Kwa hiyo Mackline alipofungua kabati, mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake ndani ya koti la kahawia, mikono yake nimeikunja mara mbili.

Mackline ni binti wa mwanajeshi. Alizaliwa kambini, akakulia kambi hii na ile, na lugha yetu ya mlimani haijui. Kwa hiyo nyumbani tunaongea Kiswahili: yeye cha kambini, mimi cha soko la mpakani, tunapishana bila kugongana. Kupanga kabati kwake ni ukaguzi. Alinisimamisha pembeni, akatoa koti la kwanza.

"Hii ilivaliwa mara ya mwisho lini?"

"Hiyo? Haijavaliwa."

"Mwaka huu wote?"

"Mwanangu, mwenyewe yuko chini ya mgomba mwaka huu wote. Angeivaa namna gani?"

Hakucheka. "Baba yangu alitufundisha hivi, Mama. Kitu hujatumia mwaka mmoja, si kitu yako, ni mzigo. Inarudi stoo." Akalitia kwenye mfuko mweusi. "Na hii?"

"Hiyo pia bado."

"Nje. Hii?"

"Hiyo alijaribu siku moja, ikambana kwapani."

"Nje."

Hivyo ndivyo alivyomkagua marehemu. Mtu amekufa mwaka mmoja kasoro siku mbili, anaulizwa kwa nini hajavaa makoti yake. Nilitaka kumwambia, lakini alikuwa anafanya kazi kwa bidii, na mimi sipendi kumkatiza mtu mwenye bidii. Nikamshikia mfuko.

Alipofika kwenye la kijivu, hakulitia kwenye mfuko. Lilikuwa zuri kweli: zito, bitana ya hariri, vifungo vya pembe. Eridadi alilinunua kwa bei ya mbuzi wawili, akagundua nyumbani kwamba wangeingia akina Eridadi wawili. Mackline alilipima kwa macho, na nikajua anapima tumbo la Yosamu.

"Mama, hii ndiyo koti ya Baba?"

"Alinunua yeye mwenyewe, kwa pesa yake," nikasema.

Hilo ni kweli tupu, hata mchungaji aniulize.

"Basi hii inabaki." Alisugua vifungo kwa majivu na limau mpaka vikang'aa. Kisha akabandika vikaratasi kwenye ubao wa kabati: KANISA, MVUA, SAFARI. Chini ya kila kikaratasi alitundika henga tupu, zote zimeelekea upande mmoja. Katikati, peke yake, la kijivu. Nilimsifu. Nilisema sijawahi kuona kabati lililopangwa namna hiyo, na hilo pia ni kweli.

Ndipo akanigeukia mimi. "Na hiyo ya Mama?"

"Hii ni ya jikoni."

Alinisogelea akanusa. "Ina moshi. Ina matundu. Wageni wanakuja, Mama. Vua nichome."

Nilishika kola kwa mikono miwili. "Acha kwanza nitolee nayo majivu, mwanangu. Nguo nzuri nitachafua."

Akaona nina akili. Saa nane gari la kanisa lililokuwa linapanda Bwesumbu, ambako baridi ni ya kweli, likapita kuchukua mifuko iwe sadaka ya huko. Nilisaidia kufunga. Makoti kumi na mawili. Lile jekundu nilimwambia dereva aliweke juu, lisikunjike.

Jumamosi watu walijaa uani. Yosamu alikuja na shati jeupe na daftari lenye vipimo vya sebule. Mackline alinikuta jikoni na koti langu, akafumba macho kama mtu mwenye maumivu ya jino, lakini sufuria zilikuwa zinachemka na hakuwa na nafasi ya kunivua.

Mzee wa ukoo ni Maate. Yeye na Eridadi walitembea pamoja tangu wakiwa na kaptula, na jicho lake moja limekufa, lakini pua yake iko hai. Baada ya sala alikaa kwenye kiti, akasema, "Leta koti yake."

Mackline alilileta la kijivu kwenye henga, kwa mikono miwili, akitembea kama kwenye gwaride. Wanawake wakasema mm. Maate aliinua kola, akaingiza pua, akakaa humo muda.

"Hii inanuka duka," akasema. "Iko ya nani?"

"Ya Baba," Mackline akajibu.

"Eridadi alivaa hii lini?"

Mackline akamtazama Yosamu. Yosamu akanitazama mimi. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani, nachambua mchele.

"Koti ya kuvika mutoto ni ile ilikunywa jasho ya baba," Maate akasema polepole, kama anayefundisha darasa la kwanza. "Hii haijakunywa kitu. Leta ingine."

"Ziko nyingi, mzee," Yosamu akasema haraka. "Kabati imejaa." Yeye alikuwa Kasese, masikini, hakujua mkewe amefanya nini. Akaenda mwenyewe kulifungua, milango yote miwili, na watu wa nyuma wakasimama waone. Henga zilining'inia zimeelekea upande mmoja. KANISA. MVUA. SAFARI.

"Zimeenda wapi?" Maate akauliza.

"Bwesumbu," Mackline akasema kwa sauti ndogo. "Hazikuvaliwa mwaka mzima."

Kicheko kilianzia kwa wapishi. Nilimhurumia, kweli. Alitazama chini, na masikio yalikuwa yanamwaka. Maate hakucheka. Alizungusha lile jicho lake zima uani kote, likanifikia, likatua kwenye viwiko vyangu.

"Shemeji Alisi. Hiyo yako si ya Eridadi?"

"Ndiyo yake."

"Mbona ulinyamaza?"

"Sikuulizwa. Nimevaa mwaka mzima, kila mutu anaona."

"Mama aliniambia ni ya jikoni," Mackline akasema.

"Na nilitoka nayo wapi sasa hivi, si jikoni?" nikamwuliza.

Yosamu alikuja akachuchumaa mbele yangu. Sauti aliifanya tamu. "Mama, basi vua, mzee amalize. Watu wana njaa."

Nilimtazama Maate, na hapa niseme ukweli. Kama angesema vua, ningevua. Singebishana na ukoo mbele ya wageni. Ningepanda gari Jumatatu nikatazame tangi.

Maate alikuna kidevu. "Katika ukoo hii hakuna mutu anavulisha mujane koti," akasema. "Anavua mwenyewe, siku mwili wake umepata joto. Shemeji, unasikia baridi?"

Ilikuwa saa nane mchana. Mabati yalikuwa yanalia kwa jua. Jasho lilinishuka kutoka shingoni mpaka kiunoni.

"Baridi sana," nikasema.

"Basi tutangoja," Maate akasema. "Leteni chakula."

Yosamu alirudisha daftari mfukoni. Hakuwa na hasira, ni mtoto mzuri, ni vile tu alisoma biashara.

Mackline hakukata tamaa, damu ya jeshi haikati. Wiki ile ile alinitumia sweta. Mwezi uliofuata shali, kisha blanketi lenye picha ya simba. Nilishukuru kwa kila kimoja, nikavaa vyote chini ya koti. Mwishowe, Desemba, akapiga simu mwenyewe: nije Kasese kwa Krismasi. Tambarare ile, mnajua, saa sita mchana hata kuku wanatembea midomo wazi. Akanikalisha sebuleni kwenye kochi la plastiki, upande wa jua, dirisha limefungwa kwa sababu ya vumbi. Akaniletea chai inayotoa moshi, ina tangawizi ya kutosha ukoo mzima.

"Mama husikii joto?" akauliza, amekaa mbele yangu na henga mapajani.

Nilifunga kifungo cha juu, nikamwomba kikombe cha pili.