Mwezi Umenuna

Usiku wa jana niliota nimo ndani ya kituo cha anga kinachouzunguka Mwezi, kile ambacho mataifa bado yanakipanga. Kwa kuwa bado kinapangwa, kuta zake zilikuwa za karatasi na choo kilikuwa mchoro wa penseli. Nilikihitaji, nikajikaza.

Huku duniani mfungo ulikuwa umefika siku ya arobaini na moja, maana Mwezi umegoma kuandama. Harusi ya mdogo wangu Somoe ni Idi pili, na Sudi, bwana harusi, anarudi melini Jumapili. Idi isipoingia, harusi hakuna. Mimi ni fundi cherehani, nimeshona nguo zote za harusi hiyo, basi nikatumwa mimi. Sikuuliza kwa nini.

"Mwezi umenuna," Kituo kinaniambia, kwa sauti ya karani aliyechoka.

"Umekasirishwa na nani?"

"Sijui. Kazi yangu kuzunguka tu."

Nachungulia dirishani. Dirisha limechorwa, lakini Mwezi unaonekana.

"Shikamoo," nasema.

"Marahaba. Hebu niulizie huyo mwenzako. Wiki nzima anaizunguka nyumba yangu, anachungulia mpaka uani, na hodi hajapiga. Ni mwizi au ni mposaji?"

Niliona aibu, jamani. Nakiambia Kituo kipige hodi. Kinajibu kwamba hodi haimo kwenye ramani, lazima mataifa yote yatie saini. Mataifa yanakaa kikao papo hapo. Moja linataka hodi mbili, jingine linataka nne, la tatu linauliza chai iko wapi.

Hasira zikanipanda. Nautoboa ukuta kwa kidole, natoka, navua viatu, nasimama kwenye vumbi la Mwezi.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi."

Kimya. Ya tatu isipoitikiwa, adabu ni kwenda zako. Namwona Somoe na hina yake inayofifia mikononi.

"Hodi, mama."

"Karibu," Mwezi unasema, kisha unaanza kulia. "Miaka yote mnanitazama mimi ndipo mpange harusi zenu. Kadi sijaletewa hata moja."

"Harusi ya Somoe njoo."

"Nitakaa wapi?"

"Mbele, pamoja na akina shangazi."

Mwezi unajifuta machozi, unajinyoosha, unaandama.

Nikaamshwa na takbira za msikitini. Somoe alikuwa amesimama kando ya kitanda changu, anacheka huku analia.

"Kaka, amka. Umeandama. Naolewa."

Nikamshika mkono. Yeye macho yake yakashuka kwenye shuka.

"Umekanyaga wapi? Shuka yote jivu."

Nikatazama nyayo zangu. Zimejaa vumbi la kijivu, laini kuliko unga, linanuka baruti.

"Somoe," nikasema, "kule mbele kwa akina shangazi ongeza kiti kimoja. Kiwe kipana."