Mkono Bado

Karatasi ya mwaka jana Faridah aliichana vipande vinne akaitupa, na bado aliijua yote kwa moyo. Jaji wa maonyesho ya mifarishi alikuwa ameandika mistari mitatu tu. Rangi zimechaguliwa vizuri. Pembe hazikutulia. Na huo wa tatu, ulioingia nyumbani kwao Ilford, huku ughaibuni, ukakataa kutoka: ushonaji wa mkono bado unahitaji kukua. Nusra, bintiye, ambaye Kiswahili chake ni cha kuokoteza, ndiye aliyemsomea bibi yake. Akatafuta njia ya mkato, akasema, "Bibi, wanasema mkono bado."

Jamani, mkono bado! Aambiwe hivyo mtoto wa Bi Sheikha wa Wete, ambaye bwana harusi wa watu alikuwa tayari kusubiri miezi ili avae kofia yake ya viua, ile ya vitundu vya kudarizi!

"Mkono bado?" Bi Sheikha aliuliza. "Mkono huo nimeufunza mimi."

Kama huujui mfarishi, ni lile blanketi la vipande vya nguo: juu kitambaa, katikati pamba, chini kitambaa, vyote vikashikizwa kwa mishono midogo midogo. Wenyeji wa huku wanaupenda mpaka wanaushindanisha. Faridah alijiunga na kikundi cha washonaji pale maktaba baada ya mumewe kufariki, ili asibaki kuzungumza na kuta, na kazi ikamkolea. Lakini baada ya karatasi ile hakushika sindano miezi sita. Akipita nje ya maktaba, alivuka upande wa pili wa barabara. Mtu mzima wa miaka hamsini na nne, anayewaogesha wazee wa watu tangu alfajiri, na wengine humtukana asijali, leo anamwogopa jaji, bibi mmoja mwenye miwani ya mnyororo. Ucheke usicheke, ndivyo ilivyokuwa.

Aliyemrudisha ni mama yake. "Mwaka huu tunashona wawili," Bi Sheikha alisema, si kwa kuomba ushauri. "Wewe pembeni, mimi katikati. Tuone huyo jaji wako atasema nini."

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Bi Sheikha alikuwa na miaka themanini na moja. Jicho moja lilikuwa na mtoto wa jicho, la pili lilikuwa linamsindikiza mwenzake, na mkono wa kulia ulitetemeka hata akishika kikombe. Lakini alishona. Duara lote la katikati, kubwa kama sinia ya wali, alilishona yeye, amekaa dirishani na mfarishi magotini, akiimba kwa pumzi. Faridah akitoka kazini hufunua aone. Mishono ilipanda ikashuka. Mmoja mrefu, mmoja mfupi. Mahali pengine mshono uliuacha mstari wa chaki kabisa ukaenda zake.

"Umeuonaje?" Bi Sheikha aliuliza kila jioni.

"Mzuri, Mama."

"Usinidanganye."

"Wallahi mzuri." Na ndani ya nafsi yake: astaghfirullah.

Angesema nini? Mwaka uliopita bibi alisahau sufuria jikoni, maji yakakauka, king'ora cha moshi kikalia jengo zima. Nusra akamwambia, kwa wema tu, "Bibi, usipike tena." Tangu siku hiyo Bi Sheikha hakuingia jikoni, hata kwa kunywa maji. Ndivyo alivyo: ukimwambia mara moja, hurudi nyuma moja kwa moja. Sasa amebaki na sindano. Akiambiwa kuwa mkono nao umekwisha, ataiweka chini, na baada ya sindano hakuna kingine. Atakaa autazame ukuta mpaka siku yake ifike. Na yule jaji hamjui Bi Sheikha ni nani. Ataandika, na Nusra atasoma.

Faridah alifikiria asiupeleke. Alifikiria aseme maonyesho yameahirishwa. Alifikiria uongo wa kila namna mpaka akajionea haya. Kila uongo ulihitaji mwingine wa kuushikiza.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo ukilelewa nyumba ya washona kofia huhitaji kuambiwa. Kofia moja hupita mikono mitatu minne: huyu anachora, yule anashona, mwingine anatia viua, na kila mkono una mshono wake unaojulikana kama sauti ya mtu. Ukiona kosa la mwenzio, unamrudishia kofia akafumue mwenyewe. Unamwambia tu, "Nimekurudishia." Hamna ugomvi. Lakini kufumua mshono wa mtu kwa siri ni kumvua nguo. Bi Sheikha aliwahi kukosana na shoga yake mpenzi kwa jambo hilo hilo, mpaka shoga huyo akazikwa hawajasemezana.

Mfarishi ulitakiwa Alhamisi. Jumatano asubuhi Nusra akampeleka bibi yake kliniki ya macho. Mlango ulipofungwa, Faridah alisimama kwanza kama mgeni ndani ya nyumba yake. Kisha akachukua kimkasi.

Alianzia pale palipopotoka zaidi. Atoe huo mmoja tu, alijiambia. Akatoa, wa pili ukaonekana mbaya kuliko wa kwanza. Akatoa na wa pili. Kufikia saa tano duara lote lilikuwa limefumuliwa, na nyuzi za mama yake zimejaa mapajani kama nywele za kinyozi. Akashona upya, mishono sawasawa, juu ya chaki. Lifti ikilia, anaruka. Vidole vilitoka jasho mpaka sindano ikawa inateleza. Fundo la mwisho alilipiga ufunguo ukigeuka mlangoni, na nyuzi za zamani akazisokomeza mfukoni mwa dera.

"Umeshaukunja?" Bi Sheikha aliuliza, hata hajavua koti.

"Nimeukunja, Mama. Usiufungue tena, utapata mikunjo."

"Haya," alisema mama yake, na sauti ilikuwa na furaha. "Bismillahi. Aone mkono."

Siku tatu zile Faridah hakula akashiba.

Jumamosi wakapanda treni na basi mpaka ukumbi wa jamii huko Tottenham. Bi Sheikha alivaa buibui lake jipya na manukato, utasema anakwenda kwenye harusi. Faridah alijifariji kwa mawili. Macho ya mama yake hayaoni mshono kwa mbali. Na mifarishi yote imetundikwa, haishikwi na mtu isipokuwa kina mama wasimamizi waliovaa glavu nyeupe. Mungu awabariki na glavu zao.

Wakaukuta wao ukutani karibu na meza ya chai. Kando yake kimebandikwa kikaratasi cha buluu: umepewa sifa. Si wa kwanza wala wa tatu, lakini umesifiwa! Faridah angekimbia na kikaratasi hicho mpaka kituoni.

"Soma," Bi Sheikha akamwambia mjukuu wake. "Yote."

"Nitamsomea mimi nyumbani," Faridah alidakia.

"Nimemwambia Nusra."

Nusra akaichukua karatasi ya jaji iliyokuwa mfukoni mwa plastiki chini ya mfarishi, akasoma kwanza kimya kwa Kiingereza chake, kisha akaanza kutafsiri polepole. "Mishono iko sawa sawa. Pembe ni nzuri. Halafu..." Akakunja uso akitafuta maneno. "Katikati kuna vitundu. Kama mtu alishona, halafu mtu... aka... akatoa."

"Akafumua," Bi Sheikha akamsaidia.

"Yes, hiyo. Akafumua. Anasema vitundu vinaonekana."

Ukumbi mzima ulikuwa unanywa chai na kucheka. Faridah alimgeukia mama yake. Bi Sheikha hakumtazama. Alimwendea msimamizi aliyekuwa karibu, mama mmoja mnene mwenye uso mwema, akaonyesha mfarishi, kisha akaonyesha kifua chake.

"Anasema ameushona yeye," Nusra akamweleza yule mama kwa Kiingereza. "Anaomba aushike."

Yule mama akatabasamu, akatoa glavu nyeupe kwenye boksi, akampa. Bi Sheikha akaigeuza, akamrudishia. "Mwambie mimi naona kwa vidole."

Nusra akamwambia. Msimamizi akatazama kushoto, akatazama kulia, akaushika mfarishi kwa chini na kuusogeza.

"Mama, twende zetu," Faridah alisema.

Kidole cha Bi Sheikha kikapanda kikitetemeka, kikafika kwenye duara, kikaanza kuzunguka. Kikaupita mshono ulionyooka kama hakiujui. Kikatafuta pembeni yake. Kikasimama.

"Hapa nilipita," alisema taratibu. Kikasogea. "Na hapa. Hapa nilikosea nikarudi." Alizunguka duara lote. Kisha akaushusha mkono, akaufunika kwa mwenzake.

"Kumbe na wewe umeniandikia karatasi, Fari," alisema. "Mkono bado."



Kutoka Tottenham mpaka Ilford Bi Sheikha alikaa kiti cha peke yake. Nusra alikuwa ameshaelewa, akabaki kutazama simu isiyowaka. Jioni walikwenda watu wengine wa kikundi kuichukua mifarishi, wakauleta wa kwao mpaka mlangoni. Kesho yake baada ya adhuhuri Faridah aliutoa kwenye mfuko. Mama yake alikuwa amekaa dirishani, mikono mitupu, ameelekea ukutani. Ni hilo hilo alilokuwa analiogopa mwaka mzima, na amelileta kwa kimkasi chake mwenyewe.

Akapiga magoti, akauweka mfarishi mapajani pa mama yake. Juu yake akaweka kimkasi, na zile nyuzi zilizofumuliwa, alizokuwa amezihifadhi kwenye kibweta cha sindano.

"Nimekurudishia, Mama," alisema, na machozi yakamtoka. "Nilitakiwa niseme hivyo tangu mwanzo. Niliogopa."

"Ulimwogopa nani? Jaji au mimi?"

"Nyote wawili."

Bi Sheikha akazipapasa nyuzi zake, akazisogeza kando. Kisha akashika kimkasi, akatafuta kwa kidole mshono wa kwanza wa binti yake, akaukata. Akavuta. Akakata wa pili.

"Nitungie uzi," alisema. "Mrefu."

Faridah akatunga. Mkono wa mama ukatetemeka, sindano ikaingia, ikatoka. Mshono wa kwanza ukatulia ndani ya kitundu chake cha zamani. Wa pili ukayumba.

"Umetoka nje kidogo, Mama," Faridah alisema.

"Najua," alijibu Bi Sheikha, bila kuinua kichwa. "Uache hapo hapo. Mwakani na jaji atauona, ataandika. Na utanisomea wewe, si Nusra. Usinifiche hata neno."